Kabla Hujatia Sahihi

Jumatatu moja asubuhi, hapa Bariadi mjini, mama mmoja wa makamo aliingia chumba cha kupimia presha akiwa ameshika ukuta. Mashine ilisoma 190 kwa 110. Tulimlaza, akapewa dawa alizoandikiwa na daktari, tukapima tena baada ya nusu saa. Ilishuka kidogo tu. Sisi wauguzi tumezoea kuuliza habari za chumvi, za usingizi na za vidonge vilivyoachwa njiani. Safari hii tukauliza, "Mama, nyumbani kuna nini?"

Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nesi, nisomee. Mwanangu ameshanisomea, lakini naona kama amekosea."

Mwanawe hakukosea. Ilikuwa taarifa ya siku 60 kutoka kwa mkopeshaji. Ilisema deni ni kiasi gani, marejesho mangapi hayakulipwa, na kwamba siku hizo zikipita bila malipo, mkopeshaji ataiuza nyumba iliyowekwa rehani. Nyumba yenyewe ndiyo aliyoamka ndani yake asubuhi ile, na ndiyo aliyozalia watoto wake wanne wa mwisho. Mumewe alikuwa Lamadi kwenye biashara, na simu yake haikupatikana.

"Sikuwahi kwenda benki mimi," alisema. Kisha akanyamaza. Baadaye kidogo akakumbuka kwamba msimu wa pamba wa mwaka juzi, baba watoto alirudi jioni na kijana mmoja mwenye mkoba, wakamwita kutoka jikoni, wakamwambia ni karatasi za pembejeo, aweke dole gumba. Aliweka mahali patatu. Mikono ilikuwa na unga wa ugali, akajifuta kwanza kwenye kanga.

Ametukubalia kuandika habari zake, nasi tumebadili mambo madogo madogo ili asitambulike. Tunaandika kwa sababu hakuwa wa kwanza. Katika mikutano yetu ya akina mama kanisani, swali la nyumba na mkopo limeulizwa miaka ya karibuni kuliko hata swali la uzazi wa mpango, na huulizwa kwa sauti ya chini, mwisho wa kikao, wengine wakiwa wanatafuta viatu vyao mlangoni. Sisi si wanasheria. Tulisomea uuguzi. Lakini tumekaa na wasaidizi wa kisheria, tumeomba tusomewe vifungu, na tumeuliza tena pale ambapo hatukuelewa. Wapendwa, haya ndiyo tuliyopata.

SHERIA IKO UPANDE GANI?

Tuanze na neno lenyewe. Kuweka nyumba rehani, au kama watu wanavyosema mitaani, kuweka nyumba bondi, ni kumwambia mkopeshaji: nisipolipa, uza nyumba hii ujilipe. Nyumba inabaki yenu, mnaendelea kulala humo, lakini kuna mtu mwingine mwenye neno juu yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema kwamba nyumba ya ndoa ikiwa ni mali ya mume au ya mke, mwenye nyumba haruhusiwi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ipo. Angalieni: sheria haisemi nyumba iwe imeandikwa majina yote mawili. Hata ikiwa imeandikwa jina la baba peke yake, hata kama aliijenga kabla hajakuoa, maadamu ndiyo nyumba mnayoishi pamoja kama mke na mume, una haki ndani yake. Nayo inakata pande zote mbili. Mama mwenye nyumba ya jina lake naye anahitaji ridhaa ya baba. Tumekutana na akina mama waliodhani wamesamehewa.

Wenye umri wetu na zaidi watakumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1995. Baada ya hapo kwa miaka mingi mtu wa kawaida hakupata mkopo wa nyumba. Ulijenga kidogo kidogo, tofali la mwaka huu, bati la mwaka kesho. Ikaja Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, na sehemu yake ya rehani ikafanyiwa marekebisho mwaka 2004, kisha tena kwa sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, ili mabenki yapate moyo wa kukopesha. Mabenki yakapata moyo kweli. Leo hata hapa Bariadi, tangu Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012 na mji wetu ukawa makao makuu, ofisi za wakopeshaji zimeongezeka kuliko maduka ya dawa. (Hatujazihesabu. Lakini tembea mwenyewe uone.)

Kifungu cha kukumbuka katika Sheria ya Ardhi ni cha 114. Kinasema rehani ya nyumba ya ndoa, pamoja na rehani ya kimila kule vijijini, ni halali tu iwapo fomu za kuomba na za kutoa mkopo zimetiwa sahihi na mwenye nyumba pamoja na mwenzake, au wenzake, wanaoishi katika nyumba hiyo, au fomu zenyewe zinaonyesha kwamba wamekubali. Bila hivyo, rehani haina nguvu. Kwa hiyo benki inapokutaka sahihi, haikufanyii hisani wala haikusumbui. Bila wewe inakosa nguo ya kuvaa.

"WENZAKE" NDIYO NENO ZITO HUKU KWETU

Sheria imesema mwenza au wenza wanaoishi katika nyumba hiyo. Usukumani tunajua maana yake. Baba ana mji Dutwa na mji mwingine Bariadi mjini. Nyumba ya mjini anakaa mke mkubwa. Anayepelekwa benki kutia sahihi ni mke mdogo, kwa kuwa hajui nyumba yenyewe ilipo na hana la kupoteza. Sahihi hiyo si ile inayotakiwa. Inayotakiwa ni ya yule anayeishi ndani ya nyumba inayowekwa rehani, na kama wanaishi humo wawili, basi ya wote wawili.

Wako pia wanaokwenda na mwanamke ambaye si mke kabisa. Kama ulidhani haya ni ya kwenye michezo ya kuigiza, waulize mawakili.

Na wako wanaokwenda peke yao na kuapa kwamba hawana mke. Hapa ndipo penye mtego, na tunaomba mama asome polepole. Marekebisho ya mwaka 2008 yalisema ni wajibu wa mkopaji kusema kama ana mwenza au hana, na ni wajibu wa mkopeshaji kuchukua hatua za kutosha kuhakikisha. Lakini yakaongeza kwamba mkopeshaji atahesabiwa ametimiza wajibu wake akiwa na hati ya kiapo, au maandishi yenye shahidi, ambamo mkopaji ameeleza hali yake. Kwa maneno mengine, mume akiapa uongo kwa wakili, benki inashika karatasi hiyo kama ngao, na mke anaanza kesi akiwa nyuma.

Sheria haikumwachia mwongo bure. Anayetoa maelezo ya uongo kwa makusudi juu ya kuwapo kwa mwenza anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua nusu ya fedha alizokopa, au kifungo kisichopungua miezi 12. Lakini tuseme ukweli: ni mama gani wa Bariadi atampeleka baba watoto jela ili aokoe nyumba? Wengi hunyamaza. Ndiyo maana tunasema kinga ni bora, kama tunavyosema kliniki.

Swali jingine huja kila mara: "Sisi tulioana kimila, ng'ombe walitoka, cheti hatuna. Je, mimi ni mke?" Ndiyo. Ndoa ya kimila inatambuliwa na sheria. Hata waliokaa pamoja miaka miwili na zaidi na kujulikana kuwa mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawachukulia kuwa wameoana hadi mtu athibitishe vinginevyo. Shida iko kwenye ushahidi. Ofisa mikopo haoni ng'ombe waliolipwa mwaka 1998. Anaona karatasi. Kwa hiyo tunawahimiza akina mama waandikishe ndoa zao, na cheti kisiwekwe mahali ambapo baba peke yake ndiye mwenye ufunguo.

Usisikilize wale wanaosema kwamba kwa kuwa ng'ombe walilipwa, wewe na nyumba ni mali moja ya mume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza, ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Hukumu ile inatajwa hadi leo. Jambo wasilolisema wengi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu siku ile, kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha za biashara akazitapanya. Waliofaidi ni waliomfuata. Kesi ile ilihusu kugawana mali baada ya talaka, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Namba ni ileile 114, ila sheria ni nyingine. Msichanganye kama tulivyochanganya sisi mwanzoni.

RIDHAA NI KITU KIMOJA, UDHAMINI NI KINGINE

Hapa tunasimulia yaliyotupata wenyewe, kwa aibu kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita, nyumbani kwetu tulikuwa tunamalizia nyumba. Linta zilishapita, bado kupaua. Baba wa nyumba akachukua mkopo katika benki moja. Tulikuwa tumetoka zamu ya usiku, macho yanawaka, tukapitia benki asubuhi ile ile. Ofisa mikopo alikuwa kijana mpole, akatandaza karatasi kama anayegawa karata, na kila ukurasa alikuwa ameweka alama ya kalamu. "Hapa mama. Na hapa. Na hapa pia." Karatasi zote ziliandikwa Kiingereza. Tunasoma Kiingereza, tulikisomea chuoni, lakini cha dawa na magonjwa. Tulitia sahihi mahali pote saba, tukaenda kulala.

Baada ya mwaka mmoja na nusu biashara ya baba iliyumba, marejesho yakachelewa. Siku moja tukapigiwa simu sisi, wala si yeye. "Mama, wewe ni mdhamini wa mkopo huu." Tukabisha. Tukaenda. Wakafungua faili, na pale, ukurasa wa tano, palikuwa na sahihi yetu nzuri kabisa, ya mtu aliyetoka zamu. Hati ya kwanza ilikuwa ya ridhaa ya mwenza. Hati ya tatu ilikuwa ya udhamini.

Tofauti yake ni hii. Ridhaa maana yake unasema: nakubali nyumba hii iwekwe rehani. Mkopo ukishindikana, kinachochukuliwa ni nyumba. Udhamini maana yake unasema: huyu asipolipa, nitalipa mimi. Kwa Sheria ya Mikataba, deni la mdhamini ni kubwa sawa na la mkopaji, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Hapo mshahara wako, kiwanja chako cha Nyakabindi, ng'ombe wako wa maziwa, vyote viko kwenye mizani. Sheria ya rehani inaitaka benki ipate ridhaa yako. Hakuna sheria inayokulazimisha kuwa mdhamini wa mumeo. Benki inaweza kuomba, hata kusema bila hivyo mkopo haupo. Hiyo ni biashara yao. Ila na wewe unaweza kukataa, au kukubali kwa kiwango mnachokijua wote wawili. Kitabu cha Mithali kinaonya juu ya kumdhamini mtu zaidi ya mara moja, nasi tulikuwa tumekisoma, tena tumekifundisha.

Tulilipa. Ilituchukua miezi 14, tukisimamisha ujenzi na kuhamisha mtoto mmoja kutoka shule ya bweni. Nyumba haikuuzwa. Kwa hiyo hatusimulii ili mtuhurumie. Tunataka ujue kwamba hata aliyesoma hadi stashahada anaweza kutia sahihi kitu asichokijua, na kwamba aibu ya kuuliza ofisini ni ya dakika tano tu.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu, lakini karatasi nyingi za mkopo bado huja kwa Kiingereza. Sema wazi: "Naomba nielezwe kila ukurasa kwa Kiswahili, na naomba nakala niende nazo nyumbani." Ofisa akikuambia muda hakuna, jiulize haraka hiyo ni ya nani. Mkopo utalipwa miaka mitatu au kumi, nawe unanyimwa siku mbili za kusoma?

Wenzetu wa Kenya waliandika jambo ambalo tunatamani lingekuwa wazi hivyo kwetu. Sheria yao ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inasema nyumba ya ndoa isiwekwe rehani wala kupangishwa bila ridhaa ya maandishi ya wanandoa wote wawili, tena iliyotolewa mtu akiwa ameelewa anachokubali. Kwetu kifungu cha 114 kinatazama sahihi. Mama aliyeweka dole kwa kudanganywa hana budi kusimama na kuthibitisha udanganyifu huo. Sheria ya Mikataba inamruhusu, kwa kuwa makubaliano yaliyopatikana kwa hila yanaweza kutenguliwa. Lakini fikiria yule mama wa unga mikononi. Shahidi wake ni nani? Mumewe? Kijana wa mkoba?

ZUIO

Sheria ya Ndoa, katika kifungu kile kile cha 59, ilitoa dawa ambayo karibu hakuna anayeitumia. Inasema haki ya mwenza katika nyumba ya ndoa inaweza kulindwa kwa kuandikisha zuio. Kama nyumba ina hati miliki iliyosajiliwa, unapeleka fomu ya zuio kwa Msajili wa Hati, ukieleza kwamba wewe ni mwenza na una maslahi katika kiwanja hicho. Baada ya hapo anayefanya upekuzi wa hati, na benki hufanya upekuzi kabla ya kukopesha, ataliona jina lako. Hawezi kusema hakujua.

Na kutojua ndiko kunakookoa wengi mahakamani. Sheria hiyo hiyo inasema nyumba ikiwekwa rehani bila ridhaa yako, unabaki na haki ya kuendelea kuishi humo, isipokuwa aliyeipokea aweze kuonyesha kwamba hakujua, na hata kwa kufanya uchunguzi wa kutosha asingeweza kujua, kwamba upo. Zuio linamfungia mlango huo.

Tulipolieleza hili kwenye kikao, mama mmoja aliuliza, "Baba akijua nimeweka zuio, si atasema namfukuza?" Swali zuri, na jibu hatuna moja kwa wote. Kwa wengine njia nyepesi ni kuzungumza na kuandikisha nyumba kwa majina mawili tangu mwanzo. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa matumizi ya mke na mume ni yao wote wawili, isipokuwa hati imesema ni ya mmoja. Hata hati za haki miliki za kimila vijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, zinaweza kuandikwa majina yote mawili. Wapimaji wanapokuja kijijini kwenu, msikae jikoni kuwapikia. Tokeni mkasimame kwenye mpaka wa shamba.

Kwa wenye viwanja visivyo na hati, na hao ndio wengi huku kwetu, zuio la msajili halipo. Kinachozunguka ni hati ya mauziano ya kiwanja na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ijulishe ofisi ya mtaa kwa maandishi kwamba nyumba hiyo ni ya ndoa na wewe unaishi humo, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Haina nguvu sawa na zuio, lakini mkopeshaji akija kuulizia, na wengi huulizia hapo, mwenyekiti hawezi kusema hakukufahamu.

Jambo moja la kupita haraka: nyumba ya ndoa ni ile mnayoishi. Fremu ya sokoni au nyumba ya kupangisha kule Somanda haihesabiwi hivyo, na kifungu cha 114 hakiifuati. Kama ulichangia kuipata, haki yako itafutwe kwa njia nyingine.

KARATASI IKISHAFIKA MLANGONI

Siku 60 si nyingi, na akina mama wengi hupoteza 40 za kwanza wakilia, wakifunga, au wakimtafuta mume kwenye simu. Mkopeshaji mwenye rehani halali hahitaji kwenda mahakamani kwanza ili auze. Sheria imempa uwezo huo. Kwa hiyo anayetakiwa kukimbia ni wewe.

Taarifa lazima iwe ya maandishi, ieleze kosa ni nini na mfanye nini kulirekebisha. Siku zikipita, inafuata taarifa ya kusudio la kuuza. Mnada nao unatakiwa utangazwe si chini ya siku 14 kabla, kwa namna ambayo hata asiyejua kusoma ataelewa, ndiyo maana mnasikia magari ya vipaza sauti. Nyumba isiuzwe kwa bei ya kutupa. Muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana, na ikiuzwa pungufu kwa asilimia 25 au zaidi ya bei ya kawaida ya nyumba kama hiyo, sheria inamchukulia kuwa amekiuka wajibu huo hadi ajieleze.

Lakini msisubiri nyundo igonge ndipo mlete hoja. Aliyenunua mnadani kwa nia njema analindwa na sheria, hata kama yalikuwapo makosa katika utaratibu. Ukishinda kesi baada ya mnada unaweza kupata fidia ukakosa nyumba. Pingamizi liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakamani mapema, na nakala ya cheti cha ndoa iwe mkononi. Asiye na fedha ya wakili aulize habari za msaada wa kisheria. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa nayo husaidia bure. Ofisi ya ustawi wa jamii au ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuonyesha waliko.

Na kabla ya yote, nendeni mkazungumze na mkopeshaji mwenyewe. Wengi hawapendi kuuza nyumba. Kuuza ni gharama, ni kesi, ni jina baya mjini. Kupanga upya marejesho kunawezekana, hasa ukienda kabla siku hazijaisha na ukiwa na kitu mkononi.

Hatuwezi kumaliza bila kusema juu yetu wenyewe. Mikopo ile ya mtaani wanayoiita kausha damu, wakopaji wengi ni sisi akina mama, na wengi tumeificha kwa waume zetu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji hawa wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 500,000 hiyo ni shilingi 17,500 kwa mwezi. Anayekutaka 100,000 juu ya hizo, tena akishikilia hati yako ya mauziano ya kiwanja, muulize leseni iko wapi. Mtu analaumu mumewe kwa kuweka nyumba bondi huku karatasi ya kiwanja ameitoa mwenyewe chini ya godoro! Yametokea mtaa wetu.

Yule mama wa Jumatatu alirudi kliniki baada ya wiki mbili, safari hii na mumewe. Msaidizi wa kisheria alikwishawaeleza kwamba kesi ya dole gumba ingekuwa ndefu na ngumu. Mume hakubisha. Alikaa kwenye benchi akitazama chini, kofia magotini, na tuliona ni mtu aliyechoka kuliko mtu mbaya. Fedha ziliingia kwenye pamba, na pamba mwaka ule haikurudisha. Waliuza ng'ombe wanne na baiskeli ya magurudumu matatu, wakaenda pamoja kwa mkopeshaji siku ya 51, wakapangiwa marejesho mapya ya miaka miwili. Bado wanalipa. Presha yake sasa ni 150 kwa 90, na tumemwambia asiache dawa.

Nasi mwezi uliopita, baba wa nyumba alitaka kukopa ili achimbe kisima. Alileta fomu nyumbani siku nne kabla, akaziweka mezani bila kuambiwa. Tulizisoma jioni mbili, yeye akishika kamusi. Ukurasa wa sita tukaikuta hati ya udhamini. Tulipoirudisha bila sahihi, ofisa mikopo alitutazama kitambo, akauliza kama tuna tatizo gani. Tukamwambia tuna ridhaa, udhamini hatuna. Akaingia ndani kumwuliza meneja wake. Tulikaa pale saa nzima chini ya feni, tukinywa maji ya chupa, hadi aliporudi na faili jipya lenye karatasi moja pungufu.